Maji Kupungua na Samaki Kufa: Uchunguzi wa Bwawa la Nyumbani katika Nyanda za Juu za Mbulu

Mfugaji wa samaki huwa na malalamiko mawili makubwa. La kwanza ni kwamba maji ya bwawa lake hayakai: alijazapo leo, baada ya siku chache kina kimeshuka na kijiti cha kupimia kimebaki wazi nusu yake. La pili ni kwamba samaki wanakufa, naye hajui kinachowaua. Aghalabu malalamiko haya hupelekwa kwa bwana samaki kwa nyakati mbalimbali, kana kwamba ni maradhi mawili yasiyohusiana. La kwanza hutibiwa kwa kuongeza maji, la pili kwa kutafuta dawa. Makala haya yanakusudia kuonyesha ya kuwa, katika mabwawa madogo ya nyumbani, mara nyingi maradhi ni moja tu, na kwamba apimaye maji yake kwa uangalifu huwa amekwisha kufika nusu ya njia ya kujua kinachoua samaki wake.

Mfano utakaotumika ni wa bwawa lililo katika mazingira ya Endagikot, karibu na mji wa Mbulu, mkoani Manyara. Huko ardhi iko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Nchi ni ya miteremko na mabonde, ng'ombe ni wengi, na samadi haikosekani. Yote hayo yana manufaa kwa mfugaji wa samaki. Lakini usiku wa Juni na Julai huwa wa baridi kali, na tangu Juni hadi Oktoba mvua ni haba, hata kila ndoo ya maji ina thamani yake. Maji yanayopotea bwawani ndiyo ambayo bustani ingeyatumia na ndama wangeyanywa.

Shida hii si ngeni nchini. Majaribio ya kufuga perege katika mabwawa yalianza mwaka 1949 huko Korogwe na Malya, na mwaka 1967 Serikali ilianzisha kampeni ya taifa ya ufugaji wa samaki. Mabwawa yalichimbwa, na mengi kati yake hayakudumu. Sababu zinazotajwa ni usimamizi hafifu, ufundi usiofaa na ukame. Maneno hayo ni ya kweli, lakini ni mapana mno kumfaa mwenye bwawa. Kwake yeye "ufundi usiofaa" ni tundu moja lililo mahali fulani katika tuta, wala halionekani.

HESABU YA NDOO

Maji ya bwawa lisilofunguliwa hupotea kwa njia mbili: huenda juu au huenda chini. Yaendayo juu ni yale yanayogeuka mvuke kwa nguvu ya jua na upepo, nayo huitwa uvukizi. Hayo hayana dawa. Yaendayo chini ni yale yanayonyonywa na udongo wa sakafu au yanayopenya katika tuta, na hayo ndiyo yawezayo kuzuiwa. Kosa la kwanza la wafugaji wengi ni kulaumu jua kwa kazi iliyofanywa na tundu, au kubomoa tuta zima kwa sababu ya maji yaliyochukuliwa na jua.

Kutenganisha njia hizo hakuhitaji chombo cha maabara. Hutakiwa ndoo isiyovuja, mawe machache na vijiti viwili. Ndoo huwekwa ndani ya bwawa, mahali pasipo na kina kirefu, ikikandamizwa kwa mawe ndani yake ili isielee. Kisha hutiwa maji ya bwawa mpaka usawa wake ulingane na ule wa nje. Huwekwa majini kwa makusudi, kwa kuwa ndoo iliyoachwa nchi kavu hupata joto kupita bwawa na kutoa jibu la uongo. Usawa wa maji ya ndoo hutiwa alama, na usawa wa bwawa hali kadhalika kwa kijiti kilichochomekwa imara. Mfereji wa kuingizia maji hufungwa, mdomo wa kutolea hufungwa, na ng'ombe huzuiwa wasije kunywa. Hapo husubiriwa siku tatu zisizo na mvua.

Mfano: bwawa lina urefu wa mita 20, upana wa mita 10 na kina cha wastani cha mita moja, yaani lina maji lita 200,000. Baada ya siku tatu maji ya ndoo yameshuka sentimita 2, na maji ya bwawa yameshuka sentimita 9. Zile sentimita 2 ni za jua na upepo, maana ndoo haivuji. Sentimita 7 zilizobaki zimekwenda chini. Eneo la bwawa ni mita za mraba 200, hivyo maji yaliyovuja ni mita za ujazo 14, au lita 14,000 kwa siku tatu. Hizo ni karibu lita 4,700 kila siku, sawa na ndoo za lita 20 zipatazo 230. Hakuna jamaa ya watu iwezayo kushindana na mvujo wa namna hiyo kwa kuchota, na hata mwenye mfereji atakuwa akibadilisha maji yote ya bwawa lake kila baada ya siku 43 bila ya kujua.

Ni haki kuongeza kwamba hakuna bwawa la udongo lisilonyonya kabisa. Bwawa jipya hunyonya zaidi katika majuma ya kwanza, kisha matope laini hutulia na kuziba vitundu vya udongo. Tofauti isiyozidi sentimita moja kwa siku yaweza kuvumiliwa na mtu mwenye mfereji wa kudumu. Katika mfano huu tofauti imezidi sentimita mbili kwa siku, na bwawa hilo ni gonjwa.

CHUMVI KAMA SHAHIDI

Tofauti kati ya maji yaendayo juu na yaendayo chini hufahamika vizuri zaidi kwa kuangalia maji ya chumvi. Wako watu wanaofuga samaki wa bahari katika matangi ya vioo majumbani. Maji ya bahari yana chumvi gramu 35 hivi katika kila lita. Kwa hiyo tangi la lita 100 lina chumvi kilo tatu na nusu. Lita 10 zikigeuka mvuke, chumvi yote hubaki. Lita 90 zilizosalia zinakuwa kali zaidi, karibu gramu 39 kwa lita, na mwenye tangi akiongeza lita 10 za maji baridi hali hurudi kama ilivyokuwa. Lakini lita hizo 10 zikivuja kwenye kiungo cha kioo, huondoka pamoja na gramu 350 za chumvi. Mwenye tangi, akidhani ni jua, huongeza maji baridi lita 10, na sasa tangi lina gramu 31.5 kwa lita. Akirudia kosa hilo mara mbili tatu, samaki na viumbe wengine wa bahari huanza kufa, naye hutafuta ugonjwa wakati hakuna ugonjwa. Kilichowaua ni mvujo, kwa mkono wa mfugaji mwenyewe.

Tangi la chumvi lina hisani moja kwa mwenyewe: huweka sahihi mahali linapovuja. Tone litokalo hukauka na kuacha ukoko mweupe, na kwa kuufuata ukoko huo mtu hulifikia tundu. (Mkazi wa Endagikot atakaye kufuga samaki wa bahari sebuleni mwake itambidi asafirishe maji kutoka pwani, ama anunue chumvi iliyochanganywa kwa kazi hiyo, kwa kuwa chumvi ya mezani peke yake haina madini yote yaliyomo baharini. Ni anasa ya gharama kubwa.)

Lakini hahitaji kwenda pwani ili kuliona jambo lenyewe. Nyanda za Mbulu zimesimama kati ya maziwa mawili yasiyo na mto wa kutoka: Manyara upande wa mashariki, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, na Eyasi upande wa magharibi. Mito huyaletea maji pamoja na madini kidogo kidogo kutoka milimani. Maji hupanda juu kwa uvukizi, madini hubaki, na kwa muda wa karne nyingi maziwa hayo yamekuwa ya magadi. Katika miaka ya ukame sehemu kubwa ya vitanda vyake hukauka na kuacha ardhi nyeupe. Hata hivyo wamo samaki waliozoea maji hayo. Aina ya perege iitwayo na wanasayansi Oreochromis amphimelas hupatikana Manyara na Eyasi, naye huishi katika maji ambayo yangewashinda samaki wengi wa mito. Chumvi ya maziwa hayo ni ushahidi kwamba maji yake huondoka kwa njia ya juu.

Bwawa la nyumbani huko Endagikot lina maji baridi, na chumvi yake ni ndogo mno kuweza kutoa ushahidi huo. Kwa sababu hiyo ndoo imechukua nafasi yake. Lakini somo la tangi linabaki vile vile: maji yanayovuja hayaondoki peke yake. Huchukua pamoja nayo chochote kilichoyeyuka ndani yake, na katika bwawa la samaki kitu hicho ni mbolea.

KUTAFUTA MAHALI PENYEWE

Baada ya kuthibitishwa kwamba bwawa linavuja, swali ni wapi. Njia iliyo rahisi ni kuyaacha maji yashuke bila ya kuongezwa, mradi samaki wawe wamehamishwa au maji yaliyobaki yawatoshe. Yakifika mahali fulani yakapunguza mwendo na kushuka sawa na ndoo, basi tundu liko kwenye mstari huo au juu yake kidogo. Yakizidi kushuka hadi sakafu ionekane, lawama ni ya sakafu, au ya sehemu ya chini kabisa ya tuta. Mwenye tangi la kioo hutumia njia hiyo hiyo.

Kisha mfugaji azunguke nyuma ya tuta, upande wa bondeni. Mwezi wa Agosti, wakati mteremko mzima umekauka, kipande kimoja cha majani mabichi chini ya tuta kinasema mengi. Mahali hapo patazamwe kwa makini. Maji yanayotoka yakiwa meupe, ni mnyonyo wa kawaida au mvujo mdogo. Yakiwa ya matope, yanabeba udongo wa tuta lenyewe. Tundu linapanuka kila saa, na tuta laweza kukatika kwa usiku mmoja. Hilo halingoji mwisho wa juma.

Sehemu zinazostahili kushukiwa kwanza ni chache. Ya kwanza ni pale bomba la kutolea maji linapopita katika tuta, kwa kuwa udongo haushikamani na bomba laini na maji hupenda kutembea kando yake. Dawa yake ni kulivika bomba kola moja au mbili za zege ndani ya tuta, ili maji yakatishwe njia. Ya pili ni mahali tuta linapokutana na ardhi ya asili. Mara nyingi wachimbaji hurundika udongo juu ya majani na udongo mweusi wa juu bila ya kuuondoa. Majani huoza, na chini ya tuta hubaki tabaka lenye vinyweleo vingi kama sifongo. Kosa hili hufanywa siku ya kwanza na hulipiwa miaka yote, nalo ndilo gumu kuliko mengine kulisahihisha, maana hudai mtaro wa kiini uchimbwe katikati ya tuta hadi kwenye udongo mgumu na kujazwa mfinyanzi. Ya tatu ni kazi ya viumbe: mizizi ya miti iliyopandwa juu ya tuta, ambayo ikifa huacha mirija, mchwa, kaa, na fuko. Nyasi fupi zenye kutambaa ndizo zifaazo juu ya tuta, si miti.

Pale panaposhukiwa ndani ya maji yaliyotulia, maji ya udongo mwekundu yakimiminwa taratibu hutoa wingu dogo. Wingu likikaa au kutawanyika pande zote, mahali hapo ni pazima. Likivutwa kuelekea upande mmoja na kutoweka, limeonyesha mlango.

KUZIBA

Wengi huziba kwa nje, pale maji yanapoonekana. Juhudi hiyo ni bure, kwa sababu uzito wa maji unasukuma kizibo kitoke; huziba leo na kesho maji yametokea hatua mbili kando. Tundu huzibwa kwa ndani, ambako uzito huo huo unakisukuma kizibo kikae. Sehemu mbovu huchimbwa mpaka udongo mzima uonekane, kisha hujazwa mfinyanzi wenye unyevu, tabaka baada ya tabaka, kila moja isizidi sentimita 20, na kila moja ishindiliwe kabla ya kuongeza nyingine. Udongo ufaao hujulikana kwa mkono: ukilowanishwa na kuviringishwa kuwa uzi wa unene wa penseli, kisha ukakunjwa kuwa pete bila ya kupasuka, una mfinyanzi wa kutosha.

Sakafu inayonyonya kila mahali haina tundu la kuziba. Hapo ndipo ng'ombe wa Mbulu wanapokuwa mafundi. Bwawa hukaushwa, sakafu hulimwa juu juu na kulowanishwa, na ng'ombe hupitishwa humo wakizungushwa kwa siku kadhaa. Kwato husaga mabonge, hufunga nafasi baina ya chembe za udongo na kuacha tabaka zito lisilopitisha maji. Mahali penye kichanga kingi, ambapo kwato peke yake hazifui dafu, hutandazwa samadi kwa usawa juu ya sakafu yote, juu yake majani mapana kama ya migomba, juu yake tena udongo unaoshindiliwa. Baada ya majuma mawili au matatu bila ya hewa, vijidudu vinavyoozesha tabaka hilo hutoa utando wa ute unaoziba vinyweleo. Bwawa hujazwa baada ya hapo.

Lipo onyo moja ambalo wafugaji wa ng'ombe hawalidhanii. Ng'ombe wanaoingizwa bwawani wasiwe wametoka kuogeshwa joshoni au kunyunyiziwa dawa ya kupe. Baadhi ya dawa hizo, hasa za jamii ya pairethroidi, hazimdhuru ng'ombe kwa kipimo chake, lakini sehemu chache tu katika sehemu bilioni moja za maji huua samaki. Kwa sababu hiyo hiyo ng'ombe walionyunyiziwa asubuhi wasiingie bwawani kunywa mchana, wala bomba la kunyunyizia lisioshwe katika mfereji uendao bwawani.

JINSI MVUJO UNAVYOUA

Samadi inayotiwa bwawani kwa kazi kubwa si chakula cha samaki moja kwa moja. Huyeyuka na kulisha mwani, yaani mimea midogo mno inayoyafanya maji yawe na rangi ya kijani. Mwani huliwa na viumbe wadogo na na perege wenyewe. Zaidi ya hayo, mchana mwani hutengeneza chakula chake kwa nuru ya jua, na katika kazi hiyo hutoa oksijeni ndani ya maji. Usiku hautoi, badala yake mwani, samaki, na vijidudu vinavyoozesha samadi, wote huvuta oksijeni ile ile. Kila bwawa lina akiba inayowekwa mchana na kutumiwa usiku, na saa ya ufukara ni alfajiri.

Sasa na uangaliwe mvujo katika hesabu hiyo. Maji yanayotoka huchukua mbolea iliyoyeyuka, na kama tundu ni kubwa huchukua na mwani wenyewe. Maji mapya yanayoingizwa huzimua kilichosalia. Baada ya juma moja bwawa limepoteza rangi yake ya kijani, na mfugaji, kwa kuona maji meupe, huongeza samadi. Nayo huvuja tena. Lakini sehemu ngumu ya samadi haivuji. Hubaki sakafuni ikioza na kula oksijeni. Hivyo kila mara anapoongeza, huongeza mlaji wa oksijeni, huku mvujo ukimwondoa mzalishaji wake. Bwawa hilo linaweza kwenda hivyo miezi miwili bila ya dalili. Kisha huja siku mbili za mawingu mazito, akiba ya mchana haijai, na alfajiri ya tatu samaki wanaelea.

Nyanda za juu zina udhia wa ziada. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya pwani, na maji hushika oksijeni kadiri ya uzito wa hewa iliyo juu yake. Katika nyuzi 20 za Sentigredi maji baridi yaliyo usawa wa bahari hushika karibu miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Kwenye kimo cha mita 1,700 hushika miligramu 7.4 tu. Akiba ya usiku inaanzia chini. Na kina kinaposhuka, samaki wale wale wanabanana katika maji machache, yenye kupoa upesi usiku, na yasiyowaficha na korongo.

SAA YA KIFO

Mfugaji akikuta samaki waliokufa, jambo la kwanza si kuwahesabu bali kuuliza wamekufa saa ngapi. Wanaokufa alfajiri, baada ya kuonekana wakihema midomo ikiwa juu ya maji, wakubwa kabla ya wadogo, wamekosa oksijeni. Msaada wa haraka ni kuingiza maji mapya kwa kuyaangusha kutoka juu kama maporomoko madogo, ili yachukue hewa, na kusimamisha samadi na chakula mpaka hali itengenee. Kuzuia kwake ni kwa mkono: mfugaji huzamisha mkono mpaka kiwiko na kutazama kiganja chake. Kiganja kikipotea machoni maji yafikapo kiwiko, rangi ya kijani inatosha. Kikipotea maji yakiwa kwenye kifundo cha mkono tu, mwani umezidi, na samadi isiongezwe. Kikionekana wazi hata kiwiko kikizama, maji ni maskini. Lakini kabla ya kukimbilia zizini, ndoo iwekwe kwanza.

Wanaodhoofika alasiri, jua likiwa kali na maji yakiwa ya kijani kibichi mno, hushukiwa amonia. Hii hutoka katika kinyesi cha samaki na samadi. Katika maji yasiyo asidi wala alikali, kwenye nyuzi 20, chini ya nusu ya asilimia yake iko katika hali ya sumu. Iliyobaki haina madhara makubwa. Lakini mwani ufanyapo kazi sana mchana hunyonya hewa ya kaboni na kuyafanya maji kuwa ya alikali. Kipimo cha pH kikifika 9, zaidi ya robo ya amonia ile ile inageuka sumu. Ndiyo maana bwawa lililoonekana salama saa moja asubuhi laweza kuwa la hatari saa tisa alasiri, pasipo mtu kutia kitu.

Wanaokufa wote kwa pamoja, wakubwa kwa wadogo, saa yoyote, pamoja na vyura na wadudu wa majini, wametiliwa sumu, kwa makusudi au kwa bahati mbaya. Dawa za kupe zimekwisha kutajwa. Wa pili wa kushukiwa ni utupa. Mmea huo hupandwa na wakulima wengi kuwafukuza fuko, na mtu aliyeona fuko akitoboa tuta lake huvutwa kuupanda hapo hapo. Asithubutu. Majani ya utupa ndiyo yaliyotumika tangu zamani kulevya samaki mitoni. Sumu yake humzuia samaki kuitumia oksijeni hata ikiwa imo tele majini, naye huhema juu ya maji kana kwamba hewa imekwisha. Tofauti na ukosefu wa oksijeni ni kwamba hata akitiliwa maji ya kuanguka hapati nafuu, tena jambo hilo halingoji alfajiri.

Wanaokufa mmoja mmoja, siku baada ya siku, wenye vidonda au utando kama pamba mwilini, ndio wagonjwa. Lakini hata hapo chanzo mara nyingi ni baridi. Sato na perege hukua vizuri katika nyuzi 25 hadi 30. Chini ya nyuzi 20 huacha kuzaa, kwenye nyuzi 16 hivi hamu ya chakula hupotea, na zikikaribia 10 hufa. Samaki aliyepoozwa na baridi hana nguvu ya kupigana na ukungu. Kwa hiyo katika majira ya baridi asilishwe kama Februari, asivuliwe na kushikwashikwa bila ya sababu, na bwawa liwe na sehemu yenye kina cha kutosha ambako maji hayapoi upesi. Mwenye bwawa linalovuja hufanya kinyume bila ya kutaka: kila siku humwaga maji baridi ya mto juu ya samaki waliokwisha kuzizima.

Na wako wanaopungua bila ya kuonekana mzoga. Fisi maji, kenge, mdiria na watu wana sehemu yao katika hesabu hiyo, lakini mdomo wa kutolea maji usio na wavu hutoroshesha wengi kuliko hao.

KURUDISHA SAMAKI

Bwawa lililozibwa hujazwa polepole, ili tuta jipya lilowe bila ya kupasuka, kisha ndoo hurudishwa mahali pake kwa siku tatu nyingine. Ikiwa tofauti kati ya ndoo na bwawa imeshuka, mbolea sasa inaweza kutiwa kwa kipimo na kungojwa rangi ya kijani. Vifaranga wasimwagwe wote siku hiyo. Mfuko waliosafiria huachwa ukielea bwawani kwa nusu saa ili joto lilingane, maji ya bwawa hutiwa ndani yake kidogo kidogo, na vifaranga watano hutengwa katika kikapu chenye matundu kilichozamishwa nusu. Wengine hubaki katika chombo kipana, maji yao yakibadilishwa. Kikapu hutazamwa mchana, alasiri, na hasa kabla ya jua kuchomoza. Ikiwa baada ya alfajiri mbili wote watano wanaogelea chini na kukimbia kivuli cha mkono, waliobaki hufunguliwa.